Shavu la Kushoto

Sikuambiwa na mtu. Niliona mwenyewe, asubuhi, mezani, mume wangu akinywa chai. Shavu lake la kulia lilikuwa laini kama siku zote, na la kushoto lilikuwa na vinyweleo vyeupe vilivyoachwa chini ya taya, mstari mzima, kama majani aliyoyasahau mfyekaji kando ya uzio.

"Mzee, hapa umepasahau," nikamwambia.

Akajipapasa. "Wembe umeisha makali."

Kinyozi aseme wembe wake umeisha makali! Huyu ni mtu ambaye kila asubuhi hanisalimii mpaka amalize kuunoa kwenye mkanda wa ngozi. Mimi si mtu wa kunyamaza, wanaonijua watawaambia, lakini siku hiyo nilinyamaza kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshuka kwenye kikombe. Alikishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameukalia. Sisemi aliuweka mapajani. Aliukalia, ukiwa chini ya paja, na paja lenyewe lilikuwa likitikisika.

Niliogopa hapo hapo. Lakini ili mnielewe niliogopa nini, lazima kwanza niwaeleze saluni yetu.

Ilikuwa uchochoro kabla haijawa saluni. Upande mmoja kuna duka la dawa, upande wa pili yuko fundi wa simu, na katikati pakabaki upenyo ambao wapita njia waliutumia kwa haja wasizopenda kuonekana nazo. Baba mkwe wangu ndiye aliyeusafisha, akauezeka, akatia sakafu, akakipigilia chini kiti cha chuma cha kuegemea, kimetazama kioo ukutani mwishoni. Vinyozi wenzake walikuja kuangalia wakaangua kicheko. Kiti kilijaza nafasi yote. Mteja akiingia alipita kiubavubavu huku amenyonya tumbo, na kinyozi hakuwa na pa kuzunguka. Alisimama nyuma ya kiti, mgongo mlangoni, akainamia uso wa mteja kutokea juu, na hapo alipokanyaga ndipo kazi ilipoanzia na ndipo ilipoishia. Mtu wa mkono mmoja angenyoa nusu ya uso, halafu amwambie mteja akamalizie kwingine.

Baba mkwe hakuwa wa mkono mmoja. Shavu la kulia alilinyoa kwa mkono wa kulia, akauhamisha wembe, la kushoto akalinyoa kwa kushoto, na unyayo wake haukusogea. Mwanawe alimfundisha hivyo hivyo, tangu mdogo, kwa puto lililopakwa sabuni. Puto likipasuka, kijana alichapwa kofi kwenye mkono uliolipasua, si mwingine. Alipofikia kunyoa watu, hata yeye mwenyewe hakujua tena ni mkono gani aliozaliwa nao. Mjini wakampa jina la Pande Zote, na jina la kwenye cheti likabaki la mama yake na la kwangu.

Mimi ni mashoto. Mama mkwe aliponiona mara ya kwanza nikikata vitunguu kwa mkono wa kushoto, aliguna mpaka sufuria zikasikia. Baba mkwe akamtuliza. "Mwache binti wa watu. Kijana ana miwili, huyu ana wake mmoja. Nyumba yenye mikono mitatu ya kazi italalaje njaa?" Utani ule tuliishi nao miaka yote ya ndoa yetu. Nikimaliza kazi kabla yake, naambiwa mkono wa tatu umeshinda.

Kazi yangu saluni ilikuwa taulo. Nilikaa kwenye kizingiti, na jiko na birika na beseni, na mume wangu akisema "Taulo!" nililikamua la moto, nikapitisha mkono chini ya kwapa lake, nikalilaza usoni kwa mteja. Taulo likishuka, wembe unapanda. Hiyo ilikuwa sheria ya baba mkwe, maana mvuke unamfunga macho kinyozi na joto linamshtua mteja. Sikumbuki hata siku moja ilipovunjwa. Mume wangu alikuwa akiona taulo tu kwa pembe ya jicho, mkono wake unakwenda juu wenyewe.

Sasa mmeelewa. Chumba kile kilijengwa kwa ajili ya mikono miwili. Mmoja ukikataa, hakuna kusema nitajibana na wa pili. Na kinyozi si fundi viatu, kwamba mkono ukiteleza utashona upya. Kilichopo chini ya wembe ni koo la mtu.

Kesho yake alitoka bafuni na kidevu kinavuja damu. Nilimkalisha kwenye kiti cha jikoni, nikapaka povu, nikanyoosha mkono. "Leta."

"Utanichinja."

"Afadhali nikuchinje mimi, nitakulilia."

Akanipa. Akafumba macho, akaanza kunifundisha huku midomo haifunguki vizuri. Vuta ngozi kwa mkono mwingine. Usiukandamize. Uache uzito wake wenyewe ufanye kazi. Ukifika chini ya sikio, punguza pumzi. Siku za mwanzo nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye magoti. Baadaye nikazoea, nikalijua shavu lile kila kibonde, na kusema kweli nilianza kuzipenda asubuhi zile. Tulikuwa hatujakaribiana vile kwa muda mrefu. Lakini tukishamaliza, alivaa shati, akaufunga wembe, akaenda saluni kuwanyoa watu kwa mkono ule ule aliouogopea uso wake mwenyewe. Shavu lake alinikabidhi mimi, mashavu ya watu akabaki nayo yeye.

"Twende hospitali," nilimwambia asubuhi moja, povu bado liko usoni ili asipate pa kukimbilia.

"Kufanya nini?"

"Wakauangalie huo mkono."

"Mkono umechoka tu. Nikienda, watalipa jambo hili jina. Na jambo likishapewa jina linahamia nyumbani, linataka godoro."

"Na ukimkata mtu?"

"Nimemkata nani?"

Alikuwa amemkata dereva mmoja wa lori karibu na sikio, akasema dereva ametikisika. Alikuwa amemkata muuza magazeti, akasema kijana ana chunusi. Kipande cha shabu tunachokibandika kwenye mikwaruzo kuzuia damu, ambacho zamani kilikuwa kikikaa kabatini mpaka kikashika vumbi, kilikuwa kimelika mpaka kimefanana na peremende iliyomung'unywa. Mimi ndiye niliyekuwa nakilowesha na kumpa. Nilikuwa naona kila kitu kutoka pale kizingitini. Asubuhi jua huingia mlangoni na kugonga wembe, na wembe hutupa doa la mwanga ukutani karibu na kioo. Miaka yote doa lile lilikuwa likitembea taratibu, linashuka, linapanda. Siku hizi akihamishia wembe kushoto, lilikuwa linachezacheza.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mume wangu alijua kuficha. Kwanza alijaribu kuuvusha mkono wa kulia mpaka shavu la kushoto. Kutokea nyuma ya kiti, kiganja kinamziba mteja pua na wembe unakwenda kinyume cha ndevu. Alimkuna fundi wa simu kama anakuna nazi. Baada ya hapo akaleta stuli kutoka nyumbani. Shavu la kulia analinyoa ndani kwenye kiti, halafu mteja anaambiwa atoke nje, akae kwenye stuli, na yeye anasimama mbele yake ili mkono wa kulia ulifikie la kushoto. Akawaambia watu ni kwa ajili ya mwanga. Basi ikawa wanaume wazima wanatoka uchochoroni na nusu ya uso imejaa povu, wanakaa barabarani, wapita njia wanawatazama na watoto wanawahesabu.

Fundi wa simu ana mdomo usio na breki. Aliitazama stuli ile siku chache, mwishowe akashindwa kujizuia. "Jamani, siku hizi tunanyolewa kwa awamu! Ndugu yangu Pande Zote, au tukuite Upande Mmoja?"

Watu wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, na mimi mwenyewe siku nyingine ningecheka. Mume wangu alicheka pia, kwa sauti kubwa kuliko wote. Jioni akaibeba stuli mpaka nyumbani, akaitupa jikoni, na hakuitaja tena. Kesho yake akarudi kwenye mkono wa kushoto. Mpaka leo naikalia nikimenya viazi.

Ndipo nilipoishiwa shabu nikaenda duka la dawa kununua nyingine, nikamkuta Mwalimu.

Mwalimu ni mzee aliyestaafu zamani, magoti yake hayakunji vizuri, na alimfundisha mume wangu darasa la kwanza. Kila Alhamisi alikuja kunyolewa, na kila Alhamisi alisimulia kisa kile kile: jinsi alivyompa kijana adhabu ya kuandika "sitapiga kelele darasani", na kijana akachukua kalamu mbili, akaandika mistari miwili kwa mpigo, akamaliza wenzake wakiwa hawajafika nusu. "Nilitaka kumwongezea," alikuwa akisema, "lakini nitamwongezea nini mtu anayenidhulumu kihalali?" Halafu anaegemea, anafumba macho, analala. Ndiye mteja wetu pekee aliyekuwa akilala kabisa chini ya wembe, mdomo wazi. Mume wangu alijivunia usingizi ule kuliko sifa yoyote.

Siku ile mama wa duka la dawa alikuwa anamkabidhi vidonge. "Hivi vya moyo, Mwalimu, vinafanya damu iwe nyepesi. Ukijikata haigandi upesi. Hata kisu cha jikoni mwachie mwingine."

"Kisu nimeshakiacha."

"Na wembe?"

"Wembe ni wa kijana wangu huyu jirani," Mwalimu akasema, akanigeukia akitabasamu. "Au siyo, mama?"

Niliitikia. Nilichukua shabu yangu nikatoka.

Nilimwambia mume wangu siku hiyo hiyo. Nilimwambia kila kitu, damu, vidonge, maneno ya mama wa dawa. "Alhamisi Mwalimu asikae kwenye kiti kile."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

"Kwamba?"

"Kwamba mkono wako unatetemeka! Mwone, hata sasa hivi!"

Aliuficha nyuma ya mgongo, mtu mzima, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. "Alhamisi nitamnyoa asubuhi mapema. Asubuhi unatulia."

"Hautulii. Mimi ndiye ninayekunyoa wewe asubuhi."

Akasema, taratibu, bila kunitazama, "Ukimwambia Mwalimu neno, usikanyage tena saluni yangu."

Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo. Saluni yangu! Na taulo zile nilizokuwa nazifua mpaka kucha zinang'oka, zilikuwa za nani? Nililia kwa hasira nikisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Nikakata shauri: Alhamisi nitamngoja Mwalimu njiani, nimgeuze, halafu litakalokuwa na liwe.

Lakini mume wangu ananijua. Alhamisi, kabla sijafunga kanga vizuri, akasema mkaa umekwisha, niende nikalete. Mkaa ulikuwa umekwisha kweli. Alikuwa ameumwaga mwenyewe, niliuona baadaye nyuma ya saluni, umelowa maji. Muuza mkaa hakuwepo kwenye kibanda chake, nikamngoja nikimlaani, na niliporudi na mfuko kichwani nikaona mlangoni viatu vya Mwalimu. Alikuwa na kawaida ya kuvivua kabla hajaegemea.

Nikatua mfuko. Nikawasha jiko, maana mikono yangu ilihitaji kitu cha kufanya. Ndani hapakuwa na maneno. Mwalimu alikuwa ameegemea, shingo imenyooka juu, macho yamefumba, mdomo wazi. Shavu la kulia lilikuwa tayari, safi. Mume wangu akaufuta wembe. Akauhamishia kushoto.

Doa la mwanga likaruka ukutani.

Alingoja litulie. Nilimwona mgongo ukipanda na kushuka. Aliushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, akaukamata kwenye kifundo, akautuliza, na ukatulia kweli. Lakini kunyoa kunataka mkono mwingine uvute ngozi, kwa hiyo alilazimika kuuachia, na alipouachia doa likaanza tena. Akavuta ngozi ya Mwalimu. Akauteremsha wembe kuelekea pale chini ya sikio, pale aliponiambia nipunguze pumzi.

Nilisimama. Nilitaka kupiga kelele, nikajua nikipiga kelele atashtuka. Nilitaka kumkamata mkono, nikajua nikimkamata ataupinga, na wembe uko pale. Maji ya kwenye birika yalikuwa bado hayajachemka, taulo lilikuwa la baridi, nikalichovya hivyo hivyo, nikalikamua, nikapitisha mkono chini ya kwapa lake.

"Taulo," nikasema. Kwa sauti ya kazi, sauti ya kila siku.

Nikalilaza shavuni kwa Mwalimu.

Wembe ukapanda. Ulipanda wenyewe, mpaka usawa wa sikio la mume wangu, ukabaki pale hewani unatetemeka. Hakuwa ameita taulo. Ilimchukua muda kulielewa hilo. Akanitazama kwenye kioo, na sikuona hasira machoni mwake. Niliona hofu tupu, ya mtu aliyeamshwa akajikuta amesimama ukingoni.

"La baridi," Mwalimu akasema.

Tukaruka wote wawili. Alikuwa hajafumbua macho.

"Samahani, Mwalimu," nikasema. "Tumekuamsha."

"Sikuwa nimelala." Akalisogeza taulo kidogo kwa kidole. "Sijalala kwenye kiti hiki tangu mvua zilipokatika. Nimesahihisha miandiko ya watoto maisha yangu yote, wanangu. Mkono unaotetemeka nauona ungali mlangoni."

Mume wangu akamuuliza, "Sasa kwa nini unakuja?"

"Nisipokuja utajua kwa nini sikuja."

"Na unajifanya umelala."

"Nikifumbua macho utaona ninaogopa. Ukiona ninaogopa, na wewe utaogopa, na tukiogopa wote nani atashika wembe?"

"Na damu yako?" nikamuuliza. Sauti ilinitoka kali, sikujali umri wake.

"Hiyo nayo," Mwalimu akasema, "nilikuwa naifikiria."

Jamani, wanaume! Mmoja yuko tayari kuua kwa sababu ya aibu, mwingine yuko tayari kufa kwa sababu ya adabu, na mimi katikati nimeshika taulo lililolowa. Nilitaka kuwachapa nalo wote wawili. Nilitaka pia kuketi pale chini nilie, lakini nafasi ya kuketi haikuwepo.

Mume wangu bado alikuwa ameuinua wembe. Nje fundi wa simu alikuwa akijaribu milio ya simu ya mtu, mmoja baada ya mwingine, wimbo wa furaha kisha kengele kisha jogoo. Mwishowe mume wangu akasema, "Siwezi kumtoa mtu nusu. Baba hakuwahi kumtoa mtu nusu."

"Basi nipe mimi."

"Wewe?"

"Shavu lako nani amekuwa akilinyoa?"

Hilo sikupaswa kulisema mbele ya mtu. Niliona limemwingia. Mwalimu akafumbua jicho moja, akamtazama kwenye kioo, akalihamisha jicho toka upande mmoja wa uso wake mpaka wa pili.

"Kumbe," akasema. "Nilikuwa najiuliza kwa nini siku hizi la kushoto limependeza kuliko la kulia."

Mume wangu alitoa sauti ambayo ilianza kama kicheko na haikufika. Alijaribu kuufunga wembe ili anipe, ukamshinda kufungika. Akaubandua mkono wa kushoto kwenye wembe kwa kutumia wa kulia, kidole kimoja kimoja, na mpini akaniwekea kiganjani. Ulikuwa wa moto kwa jasho lake.

Pale nyuma ya kiti panatosha mtu mmoja. Tulisimama wawili. Mimi mbele, nimebanwa kwenye chuma, yeye nyuma yangu, kidevu chake juu ya bega langu. Nikapaka povu upya. Akapitisha mkono wake wa kulia pembeni ya shingo yangu, akaweka vidole viwili kwenye taya ya Mwalimu, akavuta ngozi. Vidole vile vilikuwa imara kama zamani. Nikaweka wembe.

Mwalimu alikuwa amefumba macho tena, lakini safari hii mdomo aliufunga.

Mkono wa kushoto wa mume wangu haukuwa na pa kwenda. Kwa muda niliusikia ukigonga kiti, tik tik tik, kisha ukanishika kiunoni, ukakamata kitambaa cha gauni kwa nguvu. Mtetemo wote ukahamia kwangu. Niliusikia unapanda mgongoni, unafika begani, unataka kushuka kwenye mkono wangu. Nikasema moyoni, umeishia hapo, huku huji. Sijui nilikuwa namwambia nani. Nilimkasirikia, nilimpenda, niliogopa mpaka masikio yakaziba, na shavu la Mwalimu lilikuwa jembamba kama karatasi, mshipa unapiga chini yake.

"Usiukandamize," akaninong'oneza.

"Najua."

"Uache uzito wake..."

"Najua, mzee. Nyamaza."

Akawa akinipeleka kwa vidole: akivuta hapa, najua ni hapa, akilegeza, nausogeza. Tukashuka shavu lote. Tukafika chini ya sikio, nikapunguza pumzi, na nikasikia na yake imepungua, kifua chake kimesimama mgongoni kwangu. Mkono ule kiunoni haukusimama. Nikanyoa hivyo hivyo.

Nilipouinua wembe mara ya mwisho hapakuwa na damu. Nilitazama, nikatazama tena.

"Taulo," mume wangu akasema. Ni mazoea tu, kazi ikiisha lazima alitamke.

Nikageuka kutazama anayeleta taulo yuko wapi, nikakumbuka ni mimi. Mkononi nilikuwa na wembe. Tukatazamana, pua zinakaribia kugusana.

Akaniachia gauni. Akajichomoa nyuma yangu, akarudi nyuma mpaka kizingitini, na nikamsikia akiinamia birika, ambalo sasa lilikuwa linachemka. Alikaa huko zaidi kidogo kuliko inavyohitajika kukamua taulo. Kisha akasema, bado akiwa amenipa mgongo, "Jumatatu tufunge. Twende wakalipe jambo hili jina."

"Twende," nikasema.

Akaja na taulo. Angeweza kulileta kwa mkono wa kulia, na nilidhani atafanya hivyo. Alilileta kwa wa kushoto. Lilikuwa likitikisika lote, linamwagia maji sakafuni, linanimwagia mimi, likamdondokea Mwalimu kwenye shati lake la Alhamisi. Aliupitisha mkono chini ya kwapa langu, akalilaza taulo usoni kwa mzee, na mvuke ukapanda. Nikauinua wembe juu.